Ndege Aliyepiga Honi Msituni

Mwaka ule nilikuwa nimeanza kazi ofisini, na kijana mmoja wa mtaa wa Cimpunda, fundi wa kompyuta, alikuwa na desturi ya kupita kwa pikipiki, moto kama tunavyoiita sisi, mbele ya nyumba yetu, mtaani Nguba. Akifika kwenye kona anapiga honi, anageuza, anarudi alikotoka. Hakuingia hata siku moja. Nilijua vizuri anampigia nani, lakini nilikaa barazani nikichambua sombe, majani ya muhogo, kama mtu asiye na masikio.

Papa, baba yangu, mwalimu mstaafu wa biolojia, alivumilia. Kisha jioni moja akatoka, akamsimamisha.

"Mutoto, Jumamosi tunaenda pori kuangalia ndege. Utakuja na sisi."

Halikuwa swali.

Tukapanda upande wa mlima Kahuzi, Papa mbele, sisi wawili nyuma. Msitu ulikuwa umelowa na njia ilikuwa nyembamba. Ghafla honi ikalia karibu kabisa: prrrrr! Kijana akanivuta mkono, akaruka pembeni ili pikipiki ipite. Papa alicheka mpaka akashika mti asianguke.

"Moto itapita hapa namna gani? Angalia juu."

Kwenye tawi lililo wazi alikaa ndege mdogo wa kahawia, kifua chenye michirizi, mdomo mpana. Aliruka, akazunguka duara dogo, manyoya meupe ya mgongoni yakafunuka, mlio ule ukatoka tena, akatua palepale alipoanzia. Akapumzika kidogo. Akarudia.

"Iko dume," Papa akasema. "Ile kelele haitoke mu kinywa, ni mabawa. Anaita bibi, jike yake."

"Na bibi iko wapi, Papa?" nikauliza.

"Iko karibu. Anasikia muzuri sana. Anajifanya tu hasikie."

Nikashikwa na kikohozi.

Ndege akahama, kijana akamfuata kwa macho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Papa, Jumapili nitakuja na tonton yangu, ndugu ya baba."

"Karibuni. Na mupite ku mulango."

Walikuja. Suti ya kuazima ilimbana mabega, na tonton wake alizungumza kwa niaba yake mpaka chai ikapoa. Maman akaleta ugali na sambaza, vidagaa vya ziwani. Zamu ya kijana kusema mwenyewe kilichomleta ilipofika, watu wote wakamtazama. Akasema kwamba sambaza zina chumvi ya kutosha.

Nilimwonea huruma, nikamwongezea sambaza.