Keti Kwanza

Bibi Halina alikuwa mwenye nyumba wangu nilipokuwa nasomea udaktari Ukraine, mimi mtoto wa Tanga. Kila Jumapili ya kiangazi alinipeleka mto Dnipro na sufuria ya varenyki: unga uliokandwa, ukajazwa viazi na kukunjwa, ukachemshwa, ukapakwa siagi. Nilizokunja mimi zilipasuka kwenye maji kila mara.

"Zina mdomo kama wewe," alisema, nami nikacheka mpaka nikapaliwa. Loo, chakula kile, na upepo ule wa mtoni!

Lakini kutoka nyumbani ilikuwa kazi. Kwa mila yao, kabla ya safari watu huketi kidogo, kimya, kisha huinuka pamoja. Bibi aliketi hata kwa safari ya mtoni. Nilimwambia basi litatuacha, na kweli lilituacha.

Kisha vita vikaingia.

Mabomu yalianza alfajiri. Jirani yetu Petro alikuja na gari, akasema zimebaki nafasi mbili. Nilifunga begi langu na la Bibi.

"Keti kwanza," Bibi akasema.

"Bibi, jamani, si leo!"

"Leo hasa."

Tukaketi. Vioo vya dirisha vilitetemeka.

Nikainuka.

Yeye hakuinuka.

"Nimezaliwa kando ya mto huu," alisema. "Nenda, mwanangu."

Nilimvuta mkono. Nilimfokea, nikalia. Petro akapiga honi. Bibi alinisukumia kopo la varenyki kifuani, akarudi kitini pake.

Petro alinishusha mpakani, akarudi; nilikuwa nimeshavuka aliponipigia simu: kombora limeiangukia nyumba. Sikumzika. Hilo bado linaniuma, na sidhani litaacha.

Sasa naishi ughaibuni, Merrylands, kwa dada yangu Rehema. Jumapili twaenda mto Parramatta, na varenyki nazipika mimi. Rehema husema zinataka tui la nazi. Namwambia ashike adabu yake. Siku hizi hazipasuki, na sina wa kumwonyesha.

Kabla hatujatoka nawaketisha wote sebuleni.

"Anti, come on, the bus!" hulalamika binti wa Rehema.

"Keti kwanza."

Tunaketi kimya, kisha tunainuka. Wenzangu hukimbilia mlangoni. Mimi hugeuka kwanza, nikatazama viti, nisije nikamwacha mtu.