Mume wa Verna Kwenye Zabuni

Verna Kubiak alikuwa mpishi wa shule, na miaka yote hiyo kitu pekee alichowahi kukipinga kwa sauti ni pizza ya Ijumaa. Alisema jibini yake ni plastiki. Hakuwa mtu wa vikao. Lakini wafanyakazi wa wilaya ya shule ya Harkness Fork, Ohio, walitakiwa watoe watu wao kwenye kamati ya bima ya afya, na siku wapishi wanachagua mtu wao, Verna alikuwa chooni. Aliporudi akakuta anapigiwa makofi.

"Ya nini tena haya?"

"Hongera, mheshimiwa," akasema Harlan, dereva wa basi la shule, ambaye madereva walishamchagua asubuhi. "Mimi na wewe sasa tunakwenda kula donati za wakubwa."

Verna akacheka na wenzake. Ndani ya roho hakucheka. Nyumbani alikuwa na Emmett.

Emmett, mumewe, alifanya kazi kiwanda cha vioo mpaka kilipofungwa, na kiwanda kilipofungwa na mwili wake nao ukaanza kufunga. Ugonjwa wa damu. Chembe nyekundu zinapasuka zenyewe kama mayai kwenye trei iliyoanguka. Kuna kipindi alikuwa anakojoa kitu cheusi kama soda ya kola, ngazi za nyumbani anapanda kwa magoti. Halafu ikapatikana dawa, dripu moja kila wiki mbili, na mwanaume akarudi. Akapasua kuni. Akaanza tena kugombana na jirani juu ya mipaka ya nyasi. Daktari aliwaambia waziwazi: dripu ikikatika, damu itaganda mahali fulani mwilini, au figo zitakufa, na baada ya hapo tusidanganyane.

Bei ya dripu moja unanunua gari, na si gari bovu. Bima ya shule ndiyo iliyokuwa inalipa. Kwa hiyo watu walipomuuliza Verna kwa nini anang'ang'ania kazi ya kuinua masufuria na mgongo ule mbovu, alikuwa anajibu, "Mimi sipikii mshahara. Napikia bima."

Sasa mambo ya bima pale yalikwenda hivi. Wilaya ilikuwa na mfuko wake, inalipa matibabu ya watu wake yenyewe. Ila mfuko wa wilaya ndogo ukipigwa na ugonjwa mkubwa unaanguka chali, kwa hiyo kila mwaka majani yakianza kupukutika wanatangaza zabuni, kampuni za kuukinga mfuko zinaleta bei. Na kampuni haileti bei kabla haijaambiwa kuna wagonjwa gani. Majina hayatajwi, ni sheria. Wanapewa namba.

Kikao cha kwanza kilikuwa maktaba ya shule ya msingi, wajumbe saba kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Dalali wa bima, kijana mmoja anaitwa Trent Wexler, viatu vinang'aa kuliko kioo, ndiye aliyeleta donati.

"Kampuni tatu ziliomba," Trent akasema. "Mbili zimeona hesabu zenu zikakimbia. Moja imebaki, na ina sharti. Mna mtu mmoja hapa, hata mimi jina lake silijui, tunamwita namba moja. Peke yake anakula karibu theluthi ya mfuko."

Harlan akapiga mluzi. "Anakula nini huyo, dhahabu?"

"Anakunywa," mwingine akadakia, wakacheka.

Colleen Straub hakucheka. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, ndiye aliyekuwa anawasemea walimu. "Walimu wangu hawajaongezwa mshahara miaka mitatu," akasema. "Kumbe nyongeza yetu inaingia mdomoni mwa mtu mmoja?"

"Kwenye mshipa," Trent akasema. "Ni dripu."

Verna alikuwa na donati mdomoni. Akaitemea kwenye leso.

Trent akawapa njia mbili. Ya kwanza, wakubali bei ipande, na kila mfanyakazi akatwe zaidi. Ya pili, bima mpya iondoe dawa za bei kali kabisa, na anayezihitaji apelekwe kwa mfuko wa hisani wa hao hao wanaotengeneza dawa. "Hakuna anayeachwa," akasema Trent, na akaweka mkono kifuani. Kura wiki ijayo.

Wiki ile wilaya nzima ikageuka wapelelezi. Jikoni, huku wanamenya viazi, wapishi wakakubaliana kwamba namba moja ni mwalimu wa muziki, maana amekonda na siku hizi anavaa skafu hata ndani. Kwenye chumba cha walimu yule mwalimu akaanza kula peke yake. Verna aliona. Alimpakulia supu, akamwongezea nyama, na akanyamaza. Akajiambia ni wiki moja tu, yule hatakufa kwa kukaa peke yake wiki moja.

"Nikisema ni wewe, watashindwa kupiga kura dhidi yako," alimwambia Emmett nyumbani. "Watu wanakufahamu."

"Usiseme," Emmett akasema. "Mtu akishaijua bei yako hakutazami tena usoni. Anatazama bei."

"Na nisiposema?"

Emmett akachokonoa moto kwa chuma.

Siku ya kura Verna alisimama kabla hawajaanza. Alikuwa amepanga maneno mazuri, yote yakamtoroka. "Namba moja ni Emmett wangu," akasema. "Basi. Si mwalimu wa muziki, mwacheni yule mtu ale na wenzake. Ni Emmett. Dawa ikikatwa, anakufa. Kuhusu hiyo hisani mimi sijui. Ninachojua ni hii tuliyonayo, inamweka hai."

Harlan akavua kofia yake.

"Emmett? Emmett huyu aliyenifungulia giaboksi kwenye theluji?"

"Mna Emmett mwingine?"

Colleen akainuka na machozi yanamtoka, akamkumbatia Verna mpaka miwani ikapinda. "Pole, mpenzi. Pole sana. Kwa nini hukusema?" Wote wakasema pole. Trent naye akasema pole, akasafisha koo, akasema wakati umekwenda, tupige kura.

Wanaotaka dawa za bei kali ziondolewe, mikono juu. Mkono wa Colleen ukapanda, ule mwingine umeshika kitambaa machoni. Wa meneja wa fedha. Wa mwalimu mkuu. Mitatu kati ya saba, haitoshi, Verna akaanza kupumua. Halafu wa Harlan ukapanda, polepole, kama mtu anayenyoosha mkono uliovunjika.

"Nina watoto wanne, Verna," akasema, na macho yake yako kwenye zulia.

Bodi ya shule ikapitisha mwezi uliofuata, pamoja na mkataba wa chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani na ukarabati wa paa la jimu, vyote kwa mpigo mmoja, hakuna aliyefungua mdomo.

Baada ya hapo vyakula vikaanza kuja. Pale kwao mtu akifiwa unaleta bakuli la tambi za kuoka, jibini juu, limefunikwa kwa karatasi ya foili. Basi yakaja mabakuli manane. Emmett anafungua mlango mwenyewe, mzima, anapokea chakula cha matanga yake. "Asante," anasema. "Marehemu atafurahi." Walioleta hawakujua wacheke au wakimbie.

Kisha wakaandaa chakula cha jioni cha changizo, spageti kwenye ukumbi wa wazima moto, na mpishi wa kupika wakamfuata nani? Verna. "Sosi yako haina mpinzani," walisema, na walisema kwa upendo, hilo ndilo lililomuua. Akapika. Masufuria matatu. Watu wakajaa mpaka nje, wakampigapiga Emmett mgongoni, wakaweka noti kwenye ndoo. Colleen akafika na sahani yake.

"Tunakuombea, Verna. Kila usiku."

"Mchana mlipiga kura ya kunikatia dawa, usiku mnaniombea," Verna akasema, akamwekea upawa. "Mungu naye anashindwa akuelewe wapi."

Colleen akasimama pale na sahani. "Ungekuwa mimi ungefanyaje? Nina walimu wanafanya kazi ya pili kwenye maduka ya usiku."

Verna akamwongezea sosi, akasema, "Sogea, foleni ndefu."

Ndoo nzima haikufika nusu ya dripu.

Ile hisani nayo? Verna alipiga simu amekaa kwenye stoo ya jikoni, katikati ya makopo ya maharage.

"Mumeo ana bima, mama?" sauti ikauliza.

"Anayo, lakini imekataa dawa."

"Kwa hiyo ana bima. Sisi tunawasaidia wasio na bima."

"Lakini bima ndiyo imenituma kwenu!"

"Naelewa uchungu wako, mama. Kuna kingine ninachoweza kukusaidia leo?"

Akampigia Trent. Trent akasema waandike rufaa, rufaa huwa zinafanikiwa, tatizo ni muda. Dripu ya mwisho ilikuwa kabla ya Krismasi. Mwaka mpya ukaingia na bima yake mpya, na asubuhi moja Emmett akatoka chooni akajiegemeza kwenye fremu ya mlango.

"Imerudi," akasema.

Verna akaenda kutazama mwenyewe, akauona ule weusi wa kola, akavuta maji.

Aliyeleta wazo ni Emmett. Alikuwa amelala kwenye kochi, rangi ya ngozi imegeuka kama nta, na ngazi ameshaziacha. "Nilizungumza na wakili," akasema. "Kuna bima ya serikali ya maskini. Dawa yangu wanailipa."

"Si tuliomba, wakasema mshahara wangu umezidi?"

"Umezidi kidogo."

"Basi nikutoe kwenye bima ya shule, uombe peke yako."

"Mshahara wa mke unahesabiwa, bima au bila bima. Maadamu ni mke." Akavuta blanketi. "Ukiniacha, nakuwa maskini kamili. Maskini mwenye sifa zote."

Verna akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. "Miaka thelathini na moja nimevumilia soksi zako," akasema, "leo ndio unanipa sababu?" Halafu kicheko kikageuka, na Emmett hakuwa na nguvu ya kuinuka amshike. Akashusha mkono tu kutoka kwenye kochi, ukaning'inia, Verna akaushika kule chini.

Wakasaini karatasi za talaka. Sheria ikasema wangoje mwezi mzima, labda watabadili mawazo. Mwezi huo Emmett aliongezewa damu mara mbili, na mara ya pili daktari alimwita Verna pembeni. Siku ya korti alimwingiza kwa kiti cha magurudumu.

Jaji alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye mafua. Akamuuliza Emmett kama anataka ndoa hii ivunjwe. "Ndiyo, mheshimiwa," haraka, kama mtu anayejibu jina kwenye foleni. Akamgeukia Verna.

"Na wewe, mama. Chini ya kiapo. Kwa hiari yako, unataka ndoa hii ivunjwe?"

Verna akautazama mkono wake ulioinuliwa. Alishawahi kudanganya, nani hajawahi, lakini si kwa mkono juu.

"Mama?"

"Sema," Emmett akanong'ona.

"Sitaki," Verna akasema.

Jaji akaweka kalamu. Akatazama kile kiti cha magurudumu, akatazama ile rangi ya nta, akachukua muda mrefu kupenga kamasi. "Mama," akasema taratibu, "nitauliza tena, mara moja tu. Sikuulizi unampenda nani. Nakuuliza kama unataka ivunjwe."

"Ndiyo," Verna akasema.

Kadi ya serikali ilimpeleka Emmett hospitali nyingine, mji mwingine, ambako hakuna aliyewajua. Verna aliendesha, akasukuma kiti mpaka kwenye mlango wa chumba cha dripu, na pale nesi mmoja kijana akanyoosha mkono.

"Samahani, ndani ni jamaa tu. Wewe ni nani wake?"

Emmett akageuza shingo. Verna alikumbuka wakili alivyowaonya: kuanzia sasa angalieni mnachosema, na mnakisema wapi, kadi isije ikafutwa.

"Mpishi wake," akasema.

Nesi akatabasamu kidogo, akadhani ni utani wa wazee. "Wapishi wanasubiri kule," akasema, akaonyesha viti vya korido, akashika kiti cha magurudumu mwenyewe, akakiingiza ndani. Mlango ukajifunga. Verna akabaki amesimama na koti la Emmett mkononi, kisha akaenda kukaa.