Mkaguzi kaja kuangalia nyuki wangu, mimi niliomba fedha za setilaiti

Leo mkaguzi wa serikali kaja kwangu Mandewa kukagua mizinga ya nyuki.

Sina nyuki. Sijawahi kuwa na nyuki.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Niliomba fedha za utafiti wa teknolojia ya anga, niunde setilaiti ndogo ya kupima unyevu wa udongo, ili mkulima wa alizeti kule Ilongero ajue lini apande.

Sasa nyuki wametoka wapi?

Maombi yalitaka barua ya mtendaji wa kata. Mtendaji akauliza mradi uko mtaa gani. Nikamwambia utakuwa angani. Akasema angani siyo kata yake. Fomu yake ina kilimo, mifugo, nyuki na biashara ndogo, basi akaweka tiki kwenye nyuki.

"Si nao wanaruka, mwalimu? Huko juu watasoma maelezo yako."

Hakuna aliyesoma. Kurasa arobaini, jamani.

Mkaguzi ni mzee wa heshima, kaja na kofia yake ya wavu. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha antena, nikaeleza kila kitu. Alisikiliza vizuri mpaka nikapata matumaini.

Kisha akaandika: "Mradi haupo. Mwombaji hana mzinga hata mmoja."

Akanipa kalamu nisaini.

Nimeomba nafasi ya kukata rufaa. Kaniambia nianze na barua ya mtendaji wa kata.

Mwenye mzinga wa kuuza anitafute. Naona ndiyo njia ya kwenda angani.