Masweta Matatu na Wembe wa Kimeo

Mimi ni mtu wa nyumbani. Huku kwetu milimani Mbinga, mwanaume akisema hivyo anajitafutia jina, na langu nilishapewa: Mama Mdogo Mwenye Ndevu. Kila wiki mke wangu huteremka Mbamba Bay kuchukua usipa, dagaa wa ziwani, wa kuuza, nami hubaki na kahawa, kuku, na mwanetu wa mwaka mmoja na nusu. Elimu yangu ya kidato cha nne naitumia zaidi kubishana na kuku.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza, mtoto akaanza kukohoa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anayekaa nyumba ya pili, akaja na sweta. Kesho yake akaleta la pili. Kesho kutwa yake la tatu, na kofia juu. Kwetu mtoto anayekohoa havuliwi nguo. Upepo ukimpiga kifuani, lawama yote yako. Mwanangu akawa mviringo kama kabichi, nikimwona pua tu. Na siwezi kumsingizia shangazi peke yake. Vifungo nilivifunga mimi.

Asubuhi ya siku ya nne akakataa uji. Pua zilikuwa zinapanuka kila akivuta pumzi, na alikuwa amelegea mikononi mwangu.

"Kimeo hicho," shangazi akasema. "Fundi nimeshamwita. Anakikata mara moja, kikohozi kwisha."

Fundi mwenyewe ni mzee anayeingiza wembe kooni mwa mtoto na kukata kile kilimi cha ndani. Mimi sijawahi kumshinda shangazi kwa lolote, hata pa kujenga banda la kuku alichagua yeye. Lakini kliniki ya watoto hapa kijijini ninayekwenda ni mimi, mwanaume peke yangu kwenye benchi la kina mama, na huko nesi alitufundisha: mtoto akihema mbio, mvueni nguo, mtazameni kifua.

Nikaanza kufungua vifungo.

"Unamuua mtoto!"

"Namtazama, shangazi."

Sweta la tatu lilipotoka, nikaona. Kila akivuta pumzi, sehemu ya chini ya mbavu ilibonyea ndani. Nikatazama saa ya simu, nikahesabu dakika nzima: pumzi hamsini na nane. Nesi alisema kwa umri wake arobaini tu ni hatari.

"Hiki si kimeo. Ni kichomi, hiyo nimonia yenyewe."

"Kichomi utakijulia wapi, wewe usiyefika hata barabarani?"

"Leo nafika."

Mlangoni nikakutana na fundi, wembe kaufunga kwenye leso. "Shikamoo mzee," nikamwambia. "Ukitaka cha kukata, migomba ipo nyuma ya nyumba." Shangazi alishika kichwa. Mimi nikashika bodaboda.

Kwenye kituo cha afya, nesi wa zamu alimvua tena, akahesabu mwenyewe, akambana kidole kwa kile kifaa cha kupima hewa. Uso wake ukabadilika.

"Mama yake yuko wapi?"

"Mama yake ni mimi mpaka jioni."

Hakucheka. Alimwekea oksijeni, akamchoma sindano ya kwanza, ndipo akanigeukia. "Umechelewa, baba. Ila umewahi."

Maneno hayo niliyatafuna siku mbili kando ya kitanda. Mke wangu alifika na ndoo yake ya usipa, akalia, akanigombeza, akalia tena. Siku ya tatu mtoto aliomba uji kwa kupiga kelele hadi wodi nzima ikageuka. Sijawahi kusikia ukorofi mtamu kama ule.

Tukaruhusiwa na vidonge vya kumalizia nyumbani. Siku ya pili tu shangazi akaja, akamkuta mtoto anakimbiza kuku uani.

"Si kashapona huyu? Dawa ya nini tena? Ziweke, mjukuu wangu mwingine naye anakohoa."

"Huyo apelekwe akapimwe, shangazi. Hizi ni za huyu, na atazimaliza."

"Siku hizi umekuwa mbishi, Mama Mdogo."

"Nimekuwa, shangazi."

Nikaponda kidonge kwenye kijiko mbele yake, nikatia maji, nikamkamata mtoto. Alitema nusu kwenye shati langu. Nikaponda nusu ya kingine.