Mbaazi za Ada na Ng'ombe Wasiohesabiwa

Mambo ya kuhesabu kwa mbaazi aliyaleta mwanangu wa kwanza. Mimi sikumwomba. Nilikuwa nimekaa barazani napepeta, na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu niliyemlea tangu akinyonya, alikuwa pembeni na karatasi ya kuitwa chuo. Ameikunja mara nne kama anayeficha barua ya mchumba. Chuo cha Arusha, mwaka mmoja, cheti cha uhudumu wa afya: kupima presha, kufunga vidonda, kumwandaa mgonjwa kabla daktari hajamwona. Aripoti ndani ya wiki tatu, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Mwanangu ni dereva wa watalii. Anawashusha wazungu kreta ya Ngorongoro, anawapandisha, na siku hizi hata bei ya sukari anaitaja kwa dola. Akavuta ungo wangu bila kuniomba.

"Mama, hesabu za karatasi huzijui. Ngoja nikuonyeshe kwa macho."

Kweli sizijui. Nilisoma mpaka darasa la pili nikatolewa kwenda kuchunga ndama, na hayo mengine niliyapata kwenye elimu ya watu wazima, ambako mwalimu alisinzia kuliko wanafunzi. Lakini mbaazi nazijua. Mbaazi ndizo zilizomlipia huyo huyo dereva mpaka akapata leseni. Na mwaka ule bei ilipoanguka tukakosa mnunuzi, niliwalisha mbuzi, mbuzi wakanenepa, nikauza mbuzi. Watu walinicheka, wakaacha kucheka. Lakini turudi kwenye ungo.

Punje moja ni shilingi elfu hamsini, akasema. Akaanza kuweka upande wa kushoto: ada, hosteli, chakula, sare mbili na viatu, bima, mitihani, nauli, na gharama za kwenda kujifunza kazi hospitalini. Kilima kikainuka, punje arobaini. Upande wa kulia akaweka mshahara. "Zahanati ya mtu binafsi, hapa hapa Karatu, anayeanza, watampa hizi." Punje tano. Akatoa moja ya chumba. Akatoa mbili za kula. Akatoa nusu ya sabuni na vocha. Hiyo aliipasua kwa meno.

Ikabaki punje moja na kipande chenye mate.

"Sasa Mama, kwa hiki kwa mwezi, kilima kile kitarudi lini?"

"Utaniambia wewe mwenye ungo."

"Zaidi ya miaka miwili. Na hapo hajaumwa, hajaolewa, hajazaa. Ajira ya Serikali ni bahati, wapo wenye vyeti wanakaanga chipsi stendi. Mpeleke kozi ya hoteli, miezi mitatu basi, namtafutia loji mimi mwenyewe. Tipu ya wiki moja inaipita hiyo punje yako."

"Mjomba, mimi sitaki kutandika vitanda," mjukuu wangu akasema.

"Na huko hospitali utatandika nini? Mawingu?"

Tukacheka wote, hata yeye. Alipomaliza kucheka akasema, taratibu, "Kitanda cha hospitali kina mtu ndani."

Mimi nilirudia ile hesabu kwa kidole, punje kwa punje, na lazima niseme ukweli: ilikuwa imenyooka. Hakunidanganya hata punje moja. Nikamwambia hivyo, naye akatabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda. Laiti angeondoka hapo hapo na ushindi wake. Lakini alipofika kwenye gari akageuka.

"Na wale ng'ombe wa Baba usiwaguse, Mama. Wale ni wa wanaume wa nyumba hii."

Hapo ndipo aliponikosea.

Ng'ombe hao nieleze. Marehemu mume wangu alikuwa na rafiki, mzee wa Kimaasai wa huko juu Ngorongoro. Walipeana ng'ombe wakiwa vijana, na tangu siku hiyo hawakuitana tena kwa majina. Kila mmoja alimwita mwenzake pakiteng, ndivyo waitanavyo Wamaasai waliopeana ng'ombe. Wa kwetu aliachwa kwenye boma la yule mzee, maana huku kwetu malisho yote yamekuwa mashamba ya ngano na vitunguu. Akazaa, na wanawe wakazaa. Maziwa ni ya anayechunga, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Hakuna karatasi iliyoandikwa.

Sasa tangu tumzike mume wangu, huyu mwanaume wa nyumba hii amepita lango la Ngorongoro karibu kila siku ya Mungu, na hajakata kona hata mara moja kwenda kuwaona. Anawajua vifaru wa kreta mmoja mmoja. Aliyekuwa akituma chumvi kwa gari la Endulen, kijiji cha huko juu, na tumbaku ya mzee, na salamu, ni mimi.

Kesho yake asubuhi nikapanda hilo gari la Endulen mwenyewe, katikati ya magunia ya unga na wanawake waliotoka sokoni. Mwanamke mjane kwenda kuulizia ng'ombe si desturi ya kwetu, huwa wanatumwa wanaume. Mwenzangu mmoja garini aliponiuliza naenda wapi nikamwambia, akasema, "Bibi, una moyo." Nikamwambia moyo ninao, ila magoti ndiyo sina.

Nilifika bomani mchana. Mzee alikuwa amekaa kivulini, macho yameanza kuingia ukungu lakini sauti ni ile ile.

"Takwenya!"

"Iko!" nikaitikia, maana hiyo salamu yao mume wangu alinifundisha.

Tukanywa chai yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Tuliulizana mvua, tuliulizana magoti. Halafu ng'ombe wakarudi kutoka kunyweshwa, nami nikasimama kuwatazama, na hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao hata mtoto wa pale asingeufanya. Nilinyoosha kidole. "Moja," nikasema kwa sauti, "mbili, tatu, nne..."

Kichwa kilikuwa kimejaa mbaazi, ndiyo sababu. Miaka yote nimejua kwamba wale watu hawahesabu ng'ombe. Kumhesabu ni kumwitia kifo. Wanawake waliokuwa wakipaka ukuta samadi waliacha mikono hewani. Mzee aliinua fimbo yake akaiweka juu ya mkono wangu, bila nguvu, akaushusha.

"Mama, haya nani amekufundisha?"

"Mwanangu," nikasema. "Mwanangu na ungo."

Niling'oa majani nikayashika mkononi, ndiyo kuomba radhi kwao, nikakaa chini nikamweleza yote: karatasi ya chuo, kilima cha kushoto, kipande chenye mate. Nikamwambia nataka kuuza. Alisikiliza huku akitafuna tumbaku niliyomletea. Nilidhani amekasirika, kwa sababu aliwatazama tu ndama wawili mpaka wakamaliza kunyonya.

"Sisi hatuhesabu waliopo," akasema mwishoni. "Tunatazama nani hayupo." Akaanza kuwasema kwa rangi. Yule mwenye tumbo jeupe hayupo, ukame ulimchukua. Wa kijivu yupo, na binti yake yupo. Mwekundu mwenye pembe moja hayupo, fisi. Alisema hasara zangu zote bila kuficha hata moja. Halafu akasema, "Na kijana wako hayupo. Tangu matanga ya baba yake, hayupo."

"Anapita tu hapo barabarani," nikasema.

"Vumbi lake naliona. Lakini aliyekuja ni wewe, pakiteng."

Sikuwahi kuitwa hivyo. Hilo lilikuwa jina la mume wangu. Niliyashika yale majani mpaka yakatoa maji.

Madume wawili walikwenda mnadani wiki ile ile, wakiswagwa na vijana wa mzee, nami nikafuata. Mnunuzi mmoja alitaka kunichezea bei akidhani bibi hajui. Nikamwambia mimi nimelisha mbuzi mbaazi, wewe huniwezi. Fedha zikatosha ada na hosteli na sare, na nauli ya kwenda tu. Ya kurudi tutaiona.

Garini wakati wa kurudi kutoka mnadani nilimfikiria yule ng'ombe wa kwanza. Ndama wake wa kwanza alikufa. Wa pili aliliwa. Kama mume wangu angeletewa ungo miaka miwili baada ya kumpata, angeambiwa amchinje. Lakini sitaki kujidanganya. Inawezekana huyu binti akamaliza chuo akakaa nyumbani na cheti chake ukutani. Inawezekana akaolewa Singida, nisione hata punje. Mwanangu amenihesabia hasara, na hasara hiyo naikubali ilivyo, ni yangu, nimeinunua kwa macho makavu. Ila asiniambie ni ya wanaume.

Jumatatu mjukuu wangu aliondoka, godoro juu ya basi, ile karatasi ameinyoosha na kuitia kwenye mfuko wa plastiki.

Jumapili iliyofuata mwanangu akaja. Nilikuwa barazani napepeta. Nikampa risiti ya ada, akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza nyuma kama vile huko kuna jingine. Akakaa. Akavua kofia yake ya kampuni.

"Umeuza."

"Nimeuza."

"Bila kuniambia."

"Wewe uliniambia ni wa wanaume. Nikasikia."

Kuku wakaja miguuni kwake, akawatazama.

"Kule juu," akauliza, "wamebaki wangapi?"

Nikarusha mbaazi juu, upepo ukachukua makapi, zikarudi kwenye ungo.

"Hawahesabiwi, mwanangu. Siku ukipita na wazungu wako kata kona, chukua na chumvi. Utaona mwenyewe nani hayupo."