Nilivyomfanya Mweupe Mama wa Watu

Mwaka 1987, nikiwa na miaka ishirini na tatu na elimu ya darasa la nne, kiwanda nilikokuwa nabeba marobota kilitupunguza. Nikaingia studio moja ya Temeke. Siku ya kwanza nilipewa ndoo, nikasuuze picha kwenye chumba cha giza. Mkono wangu ulishika kazi upesi kuliko wa waliosoma. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, tajiri wa studio ya Kinondoni akanichukua nikatengeneze picha kwa kompyuta.

Fundi mkuu wa pale alinieleza kwamba picha ndani ya kompyuta ni matabaka, kama vioo vilivyolaliana. Ukichora kwenye kioo cha juu, cha chini hakiguswi.

"Tabaka la chini ndiyo picha yenyewe ya mteja," alisema. "Nakili kwanza, mambo yako yafanyie juu. Umesikia, msomi?"

Wenzangu wakacheka. Hilo la msomi liliniuma. Nikaapa simuulizi tena kitu.

Rangi niliziweza: kuongeza mwanga, kupunguza giza, kukoleza au kufifisha. Wateja nao walikuwa na wimbo mmoja: "Braza, nitoe mweupe." Nikawa nawatoa.

Akaja dada mmoja wa Segerea na picha pekee ya marehemu mama yake, imegandia kwenye kioo cha fremu. Anataka kubwa, ya kuweka kwenye arobaini ya msiba. Niliiskani na kioo chake, kisha nikaibandua ili nimrudishie safi. Uso ukabaki kiooni vipandevipande. Sikushtuka, si ipo kwenye kompyuta? Nikamng'arisha mama wa watu, nikamfuta mikwaruzo ya mashavuni. Yote kwenye tabaka la chini, bila kunakili. Nikahifadhi.

Dada alipoiona aliisogeza kwenye mwanga.

"Kaka, huyu nani?"

"Si mama yako, dada."

"Mama yangu mweusi. Ana chale mashavuni. Nipe ile yangu."

Sikuwa na ya kumpa. Fundi mkuu akafungua faili, akakuta tabaka moja tu.

"Ungeniuliza," alisema. Basi. Bora angenitukana.

Dada aliondoka mikono mitupu.

Sasa nimestaafu. Nina nyumba ya vyumba sita Mbagala, studio mbili wanazoendesha wanangu, kiwanja Kipawa, na picha kubwa ya mwanamke mweupe asiye na chale, ambaye hajawahi kuwa mama wa mtu.