Fundi wa Mota na Mgongo wa Mkono

Fundi anayesuka upya mota zilizoungua, hapa njia ya machimbo ya mawe Kitengela, hapimi joto kwa kidole. Hugeuza mkono, akauweka mgongo wa mkono huo juu ya koili ya waya, akatulia. Mgongo huo umejaa makovu madogo. Akisuka huhesabu mizunguko ya waya kwa Kikamba, na ukimsemesha hukata shaba yote akaanza tena, bila kukutazama.

Jana Kivuva, mwenye mashine ya kukata mawe, alileta mota ileile mara ya tatu, imeungua na bado ina joto kali. "Waya yako ni mbaya, mama. Muulize huyu msomi, siku hizi kuna waya haipotezi stima hata kidogo."

Msomi ni mimi, na waya hiyo ndiyo ninayoisomea chuoni. Nikasema ipo, lakini lazima igandishwe kwa baridi kali mno.

Fundi alinikazia macho. "Na stima ikipanda na kushuka ovyo?"

"Hapo hata hiyo hupata joto."

"Umesikia?" Akamgeukia Kivuva. "Uko na mashine mbili za kuchomelea vyuma kwa laini moja na mota yangu, ndizo zinazoyumbisha stima. Mara mbili nimekuambia uzitoe. Mara mbili umeniambia mwanamke hajui stima."

Akamshika Kivuva mkono, akaugeuza, akaubandika kwenye koili ya mota ile yenye joto. Kivuva alijaribu kuutoa. Fundi hakumwachilia.

"Ngoja kidogo," alisema. "Mimi huwa nangoja."